Ukakasi: Kujifunza Waini kwa Majina ya Zabibu

Ukitaka kujifunza mvinyo, wanasema wajuzi, acha kujifunza mvinyo na uanze kujifunza zabibu. Chukua aina moja. Kaa nayo mwezi mzima, chupa hii na ile, ya mtengenezaji huyu na yule, mpaka ulimi uikariri kama mtoto anavyokariri jedwali la tatu. Kisha hamia nyingine. Nchi, mwaka, pipa, bei, hayo yote utayakuta mbele ya safari.

Nimeifuata njia hiyo kwa takribani miaka minne hapa Dodoma ninakofanya kazi, na kama njia sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu umekuwa na mama yangu. Yeye anaishi Gendabi, chini ya Mlima Hanang, na aliposikia kwamba mwanawe anasomea waini hakukasirika kama nilivyotarajia. Aliuliza tu: “Na ukishazijua zote, utakuwa mtu wa namna gani?”

Sasa, swali hilo unaweza kulipuuza kama swali la mama. Mimi nililipuuza kwa muda. Lakini ni swali la zamani kuliko mama yangu, na watu wenye majina makubwa wamelizunguka bila kulijibu. Je, kuna ujuzi unaomfanya mtu awe bora, na ujuzi mwingine unaomfanya awe na madoido tu? Na huu wa kutofautisha Chenin Blanc na Makutupora uko upande gani?

Tuanze na zabibu zenyewe, maana bila hizo tutakuwa tunabishana hewani.

Mwaka unaotajwa ni 1957, na mahali ni Bihawana, nje kidogo ya mji wa Dodoma, ambako wamisionari wa Kikatoliki walipanda mizabibu kwa ajili ya divai ya misa. Ardhi ile ni kame, mvua ni ya msimu mmoja, jua halina huruma. Mzabibu wa Ulaya hulala wakati wa baridi; huku hakuna baridi ya kuulaza, kwa hiyo mkulima ndiye anayeuamulia lini ulale na lini uamke, kwa mkasi wa kupogolea. Ndiyo maana Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo Mfaransa ukimwambia anadhani umeshalewa.

Aina inayojulikana zaidi ni Makutupora, nyekundu, yenye jina la mahali ilipo, kaskazini ya mji. Hapo hapo kuna kituo cha utafiti wa zabibu, na hapo hapo vimechimbwa visima ambavyo kwa miaka mingi vimeinywesha Dodoma. Yaani mji huu umepata maji yake na mvinyo wake kutoka sehemu moja, na sijamsikia mhubiri hata mmoja akiitumia habari hiyo siku ya kusoma arusi ya Kana. Baada ya Makutupora kuna Chenin Blanc, nyeupe, iliyotoka bonde la mto Loire huko Ufaransa. Halafu kuna Syrah, nyekundu iliyokoza. Zipo na nyingine, lakini hizi tatu zilinitosha kuanza, na kwa kweli hata sasa hazijaniisha.

Chenin ndiyo iliyonifundisha kwamba tatizo langu lilikuwa la lugha. Kitabu nilichokuwa nakisoma kilisema nitapata ladha ya tunda ambalo kamusi zetu huliita peasi. Nimekulia Gendabi. Peasi sikuwahi kuishika mkononi utotoni. Nilinusa, nikaonja, nikatafuta kwenye kichwa changu, nikapata pera. Lile la njano, limeiva, nzi wameanza kulizunguka. Na nyuma yake asali. Je, nilikosea? Kitabu kilisema hivi, pua yangu ikasema vile, na kwa miezi miwili nilikuwa naandika daftarini “peasi” ilhali najua moyoni ni pera.

Nadhani wengi tunaosoma kwa lugha za watu tunaijua hali hiyo. Unafundishwa hisia pamoja na neno lake, na neno likiwa geni unaanza kuitilia shaka hisia, si neno.

Makutupora ndiyo iliyoniokoa. Nilipoinywa ikiwa changa, kabla haijatulia, midomo ilikaza, fizi zikawa kama zimepakwa vumbi. Kitabu kilikuwa na maelezo marefu: kwamba ganda la zabibu na mbegu zake zina tanini, kwamba tanini hushikamana na protini za mate, kwamba mate yakishashikwa kinywa hukosa utelezi. Nikasoma ukurasa mzima kabla sijagutuka kwamba Kiswahili kina neno moja kwa jambo lile lote. Ukakasi. Neno la ndizi mbichi, la zambarau, la chai iliyosahauliwa jikoni. Kila mtoto wa Kiswahili analijua kabla hajaanza shule. Tena tuna ugwadu, tuna uchachu, tuna ukali, na hakuna anayevichanganya. Ukwaju una ugwadu, hauna ukakasi. Maziwa yaliyolala yana uchachu. Watu wanaosema lugha yetu ni maskini wa maneno ya ladha hawajawahi kumsikiliza mpishi akimkosoa mpishi mwenzake.

Hata majina ya kinywaji chenyewe yana historia. Divai ina asili ya Kifaransa, mvinyo ya Kireno, na waini, tunayoisema mtaani, ni ya Kiingereza. Mabaharia, mapadri na wauza baa, kila kundi lilituachia neno lake. La ukakasi hatukuletewa na mtu.

Hapo msomaji mwenye mashaka atasema: sawa, maneno mnayo, lakini je, mnachokionja kipo? Ni swali zuri, na lina ushahidi. Mwaka 2001 ulichapishwa utafiti uliofanyika Bordeaux, ambako wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu. Wakauelezea kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Siyo walevi wa kilabuni hao. Ni wanafunzi wa fani yenyewe. Jicho lilishaamua, pua ikafuata kama mwanafunzi mwoga.

Wanaoudharau ujuzi wa mvinyo hupenda sana kisa hicho, nami nakipenda pia. Ila kinathibitisha kidogo kuliko wanavyodhani. Kinathibitisha kwamba binadamu hudanganyika. Hakithibitishi kwamba hakuna cha kudanganyikia.

David Hume, Mskoti, aliliandikia jambo hili insha mwaka 1757, kuhusu kipimo cha ladha, na akaazima kisa kutoka kwa Cervantes. Ndugu wawili wa ukoo wa Sancho Panza waliitwa kuonja pipa la mvinyo. Mmoja akasema ni mzuri, ila una kaladha ka ngozi. Wa pili akasema ni mzuri, ila una kaladha ka chuma. Watu wakacheka. Pipa lilipokwisha, chini kabisa ukapatikana ufunguo uliofungwa kwenye kamba ya ngozi.

Kisa kitamu, na Hume alikijua utamu wake. Lakini kwa muda mrefu niliona kina hila: katika maisha hakuna anayemimina pipa mpaka mwisho akatuonyesha ufunguo. Kisha nikakutana na habari ya Syrah. Kwa vizazi waonjaji walidai kwamba zabibu hii ina pilipili manga ndani yake, na wasioamini walicheka kama walivyocheka watu wa Sancho. Mwaka 2008 watafiti wa Australia walichapisha walichokipata: kemikali inayoitwa rotundoni, iliyomo kwenye Syrah, na ambayo ndiyo hasa inayoipa pilipili manga harufu yake. Ufunguo huo, na kamba yake ya ngozi.

Kwa hiyo ladha ina ukweli ndani yake, na mtu anaweza kuukaribia au kuukosa. Hilo mimi nimeliafiki. Gumu zaidi ni jina. Chile, kwa miaka mingi, waliuza mvinyo wao ukiitwa Merlot, mpaka mwaka 1994 mtaalamu wa Kifaransa, Jean-Michel Boursiquot, alipotembelea mashamba akatazama majani na kusema sehemu ya mizabibu ile si Merlot, ni Carmenère, aina ambayo Ulaya waliihesabu kama imekwisha. Afrika Kusini walikuwa na Steen yao, wakaijua kama yao, mpaka miaka ya 1960 ilipobainika ni Chenin Blanc ileile. Je, waliokuwa wakiunywa kwa jina lisilo lake walikuwa wakionja uongo? Hapana, nasema mimi. Walichokionja kilikuwa kweli; kilichokosewa ni ukoo wake.

Na ukoo ni jambo linalotuhusu sisi wa Afrika Mashariki kuliko tunavyodhani. Syrah huitwa pia Shiraz, na ipo hadithi kwamba ilitoka mji wa Shiraz, Uajemi. Mwaka 1998 vipimo vya vinasaba vilionyesha wazazi wake ni zabibu mbili za Ufaransa, Dureza na Mondeuse Blanche. Safari ya Uajemi haikuwahi kuwepo. Sisi nasi tuna Washirazi wetu wa pwani, ambao wasomi wengi kwa miaka mingi waliichukulia hadithi yao ya asili kuwa ni ya kujikweza. Mwaka 2023 ukatoka utafiti wa vinasaba vya mifupa ya kale kutoka makaburi ya miji ya Waswahili: upande wa mama, karibu wote Waafrika, upande wa baba, sehemu kubwa Uajemi, kuanzia karibu mwaka 1000. Zabibu ilijidai Mshirazi, haikuwa. Watu waliambiwa wanajidai, kumbe kulikuwa na jambo. Mtu akijitajia asili yake, mimi siku hizi nasubiri kwanza kabla ya kucheka.

Nimetoka nje ya shamba kidogo. Turudi kwa mama.

Mama yangu, ambaye anaona majina ya zabibu ni madoido, anajua majina ya maharage. Anazo Lyamungu, Jesca na Selian za vituo vya utafiti, na anazo nyingine ambazo majina yake hayajulikani zaidi ya bonde moja. Ukimwekea kiganjani punje kumi zilizochanganyika atazitenga akiwa anaongea nawe habari nyingine. Ipi inaiva kwa kuni chache, ipi ina mchuzi mzito, ipi usiitie kwenye makande maana itapasuka na kuharibu sufuria zima, ipi inastahimili ukungu wa mlimani. Matope yaliposhuka Hanang tarehe 3 Desemba 2023 na kuua watu Katesh, Gendabi na vitongoji vya jirani, mbegu nyingi zilizokuwa zimehifadhiwa majumbani zilikwenda na maji. Baada ya mazishi, baada ya hema na misaada, mama na wanawake wenzake walianza kutafuta. Si maharage tu. Maharage yalikuja kwa magunia kutoka kwa watu wema. Walikuwa wanatafuta aina. Walipiga simu kwa ndugu wa Mbulu, wakaulizana nani ana ile ndogo yenye doa, hata kisoda kimoja.

Nilimwambia: mama, huu ndio ujuzi wangu. Wewe kwa maharage, mimi kwa zabibu. Akaniangalia.

“Wewe umepanda zabibu gani?”

Hapo ndipo hoja yangu ya ulinganifu ilipovunjika, na nimeitafakari ilivyovunjika kwa muda mrefu. Mama anajua aina kwa sababu akikosea watu watalala njaa. Ujuzi wake una mzigo. Mimi nikikosea, nikasema Syrah kumbe Makutupora, wenzangu mezani watacheka na tutamimina nyingine. Tena kuna hili: sisi tunaoonja kwa utaratibu hutema. Nilipomweleza hilo alinyamaza kidogo, kisha akauliza, “Kwa hiyo mnanunua ili mteme?” Jaribu kulijibu swali hilo mbele ya mtu aliyetafuta mbegu kwa kisoda.

Upo lakini mtu mwenye zabibu anayezijua kama mama anavyojua maharage, na huyo sikumkuta kwenye vitabu. Nilimkuta Hombolo, mkulima wa makamo, ekari moja na nusu ya Makutupora na mistari michache ya Chenin. Alinieleza Chenin kwa namna ambayo hakuna kitabu kilichonieleza: ganda lake ni laini, vishada vimebanana, mvua ikinyesha wakati wa kuiva huoza kuanzia ndani, ukiona nje umeshachelewa. Kumbe ile asali yangu na lile pera langu, kwake vilikuwa usiku wa kutolala akisikiliza bati. Miaka mingine wanunuzi hawatoshi, au wanakuja wakiwa wameshapanga bei, na zabibu haisubiri kama mahindi. Alikuwa amelima zaidi ya miaka kumi na mvinyo wa Chenin hakuwahi kuuonja. Hakukataza mtu, chupa moja ilikuwa na bei ya kilo nyingi za alichouza.

Nilikuwa nayo chupa. Alionja kwa tahadhari, akaizungusha mdomoni kama anayesukutua, akameza (hakutema, na ningeshangaa kama angetema). Akasema, “Hizi zilichumwa mapema. Mvua iliwatisha.” Sina namna ya kuthibitisha. Lakini ugwadu ulikuwepo, mkali, ambao mimi kwenye daftari langu nilikuwa nimeuita “uchangamfu”, kwa kulifuata tabasamu la mwandishi wa kitabu. Yeye aliuona woga wa mkulima mwenzake.

Tangu siku ile naona kwamba ujuzi wa zabibu umekatwa vipande viwili na kila kipande kimepewa mtu asiyemjua mwenzake. Mmoja ana ganda na mvua, mwingine ana pera na asali. Hiyo si ajali ya maumbile, ni mpangilio wa bei. Na ikiwa kuna deni la kimaadili katika kujifunza mvinyo, kwa maoni yangu limelala hapo: anayelipwa sifa kwa kujua aina ni yule ambaye hajawahi kupoteza kitu kwa kuzijua.

Lakini mama alikuwa na hoja nyingine, nzito kuliko ya maharage, na alichelewa kuisema kwa sababu inamhusu kaka yake. Mjomba alikufa kwa pombe. Alianza na buura ya nyumbani, akaenda kwenye gongo, akamalizia na viroba, vile vya mifuko ya plastiki ambavyo serikali ilivipiga marufuku Machi 2017, miezi michache baada ya sisi kumzika. Mama anauliza tofauti iko wapi. Mjomba aliitwa mlevi. Mimi naitwa mjuzi. Anayepika gongo hukimbizwa na mgambo. Chupa yangu imewekewa taa dukani.

Jibu la kawaida la watu wa mvinyo ni kwamba mjuzi halewi, kwamba anayejua anachokunywa hunywa kidogo. Natamani lingekuwa kweli. Nimeshakaa na wajuzi. Baadhi yao hutofautisha aina tano kwa kunusa, na wakifika ya sita wanabebwa.

Nikikumbuka nyumbani, naona kizuizi kilikuwa mahali pengine kabisa. Majirani zetu Wadatoga wana gesuda, pombe yao ya asali. Hainywewi na kila mtu wala kila siku. Ina sherehe zake, ina wazee wake, na kijana hajikaribishi. Babu yangu, aako kama tunavyowaita wazee kwa Kiiraqw, alikuwa na marafiki upande ule, na alijua asali: ya maua gani, ya msimu gani, ya mzinga upi. Ujuzi huo haukumzuia kulewa. Aliyemzuia ni wenzake waliokaa naye, na desturi iliyosema leo ndiyo, kesho hapana. Mjomba alikuwa anakunywa peke yake. Hilo ndilo mama hakulisema, nami sikuthubutu kulisema mbele yake, lakini ninaamini liliua zaidi ya gongo.

Basi sidai kwamba majina ya zabibu yatamwokoa mtu. Wala sikubali kwamba ni kazi bure. Kutofautisha ni namna ya kuwa makini, na umakini ni kitu kizuri hata kikianzia kwenye glasi. Ila hauendi wenyewe kutoka kwenye glasi hadi kwa aliyelima. Lazima mtu aubebe. Mimi naubeba kwa namna ndogo ambayo sijui kama inatosha: nanunua za hapa, tunaonja wanne tuliokubaliana siku moja ya mwezi, na kila mkulima ninayemfahamu akipita mjini hukuta glasi yake, tunaandika maneno yake daftarini kama yalivyo.

Daftari hilo sasa lina kurasa nyingi. Kuna ukakasi wa ganda na ukakasi wa mbegu, ambao mkulima mmoja wa Mpunguzi ameutenga waziwazi: wa ganda hukaa kwenye fizi, wa mbegu hushuka kooni. Kuna “imekunywa jua”, kuna “imevunwa na mwenye deni”. Nilimsomea mama hayo ya mwisho kwenye simu. Alicheka, kisha akauliza huyo mwenye deni anadaiwa shilingi ngapi.

Sikuwa nimemuuliza. Mavuno ya Agosti yanakaribia, nitamuuliza.